Goti lisubiri, shingo kwanza

SWALI

Shikamooni wataalamu. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tanga. Anaugua baridi yabisi, ile inayopinda vidole, mwaka wa 17 sasa. Goti la kulia limekwisha na amepangiwa kubadilishiwa mwezi ujao. Anatumia methotreksati miligramu 15 kila Jumamosi, asidi ya foliki, na prednisoloni miligramu 5 kila siku.

Tangu Ramadhani analalamika maumivu ya kisogo yanayopanda hadi nyuma ya masikio. Akirukuu, au akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, anasema anapigwa shoti kutoka shingoni hadi miguuni. Vikombe vinamponyoka, vifungo vya gauni namfunga mimi, na akitembea anayumba. Sisi tuliona ni vidole na goti tu.

Eksirei ya kwanza ya shingo ilisema hakuna tatizo. Mtaalamu wa usingizi alipomwona kwa ajili ya goti akaagiza nyingine, mama akiwa ameinamisha kichwa kisha amekiinua, pamoja na MRI, kipimo cha picha kwa sumaku. Nesi alitusomea ripoti: akiinama, nafasi ya mbele ya jino la pingili ya pili ni milimita 9, ya nyuma 12. Akiinua kichwa, mbele 3, nyuma 18. MRI inasema kuna nyama laini nyuma ya jino, unene milimita 5, imegusa uti wa mgongo, na ndani ya uti kuna alama nyeupe.

Hiyo nyama ni saratani? Kwa nini picha ya kwanza ilikuwa safi? Kola ya shingo haitoshi? Shangazi amepata fundi wa kuchua anayesema ni mshipa umeshikana. Na goti je, lifanywe kwanza ili mama apate kutembea?

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, binti. Kabla ya maelezo yoyote: mama asichuliwe shingo, asivutwe, asizungushwe kichwa na mtu yeyote, awe fundi wa kuchua, awe msusi, awe hata mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hajaziona picha hizo. Operesheni ya goti iahirishwe mpaka shingo ionwe na daktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, na aonwe ndani ya siku chache, si baada ya wiki kadhaa. Mtaalamu wa usingizi aliyeagiza picha za pili amewafanyia jambo kubwa.

Pingili mbili za juu kabisa za shingo hazifanani na nyingine. Ya kwanza ni pete. Ya pili ina kigingi cha mfupa kilichosimama wima ndani ya pete hiyo, upande wa mbele, nacho ndicho jino mlilosomewa. Ukigeuza kichwa kushoto na kulia, pete inazunguka kwenye jino, na karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutokea hapo. Jino linazuiwa lisirudi nyuma na kano moja imara inayokatiza nyuma yake, kutoka ubavu mmoja wa pete hadi wa pili. Nyuma ya kano hiyo unapita ugwe wa mgongo, ule ripoti yenu iliouita uti, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalotoka kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni na kwenye kibofu.

Pingili nyingine za shingo zimetenganishwa na diski, vile vijito laini vya katikati. Hizi mbili hazina diski. Zina viungo vyenye utando laini wa ndani, utando uleule ambao baridi yabisi imeushambulia vidoleni kwa mama, na kimoja kati ya hivyo kipo baina ya jino na kano yake. Utando ukiwaka kwa miaka unanenepa na kuwa nyama yenye mishipa mingi ya damu. Nyama hiyo inatafuna mfupa wa jino na kuilegeza kano. Kano ikilegea, kila mama anapoinama pete inateleza mbele pamoja na kichwa, jino linabaki nyuma, na ugwe unabanwa kati ya jino na upinde wa nyuma wa pete.

Sasa zichukueni zile namba. Kwa mtu mzima mwenye shingo nzima, nafasi kati ya mbele ya jino na pete haizidi milimita 3, ainame asiiname. Mama akiinua kichwa ana 3, akiinama ana 9. Kwa hiyo pete inasafiri milimita 6 kila anapoinamisha shingo. Namba inayotutia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni ya nyuma. Utafiti wa Boden na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1993, ulifuatilia wagonjwa wa baridi yabisi ya shingo kwa miaka na kuonyesha kwamba nafasi ya nyuma ya jino inatabiri kupooza vizuri kuliko ile ya mbele. Mpaka unaotumika tangu hapo ni milimita 14. Waliofanyiwa upasuaji nafasi ikiwa 14 au zaidi walirudisha nguvu. Nafasi ilipokuwa imeshuka chini ya 10, nguvu iliyopotea haikurudi. Mama ana 12, na 12 hiyo ni ya mfupa kwa mfupa, maana eksirei haioni nyama. Toeni zile milimita 5 za nyama: akiinama zinabaki kama 7. Ugwe wenyewe mahali hapo una unene wa takriban milimita 8 hadi 10.

Kuna mtego katika namba ya mbele ambao unawapoteza hata watu wa hospitali. Ugonjwa ukiendelea, jino linaweza kupanda juu kuelekea tundu la chini ya fuvu. Likipanda, nafasi ya mbele inapungua, na ripoti inasomeka kana kwamba mgonjwa amepata nafuu wakati hali imekuwa mbaya zaidi. Muulizeni daktari wa picha swali hili mahsusi: ncha ya jino iko wapi ukilinganisha na msingi wa fuvu? Kama ripoti haikulitaja, aangalie tena.

Picha ya kwanza ilikuwa safi kwa sababu ilipigwa shingo ikiwa imenyooka. Pete ilikuwa imerudi mahali pake, kwa hiyo aliyeisoma aliona milimita 3 na hakudanganya. Mgonjwa wa baridi yabisi wa miaka mingi hapimwi shingo kwa picha moja iliyotulia. Anapigwa za ubavuni, akiwa ameketi au kusimama, mara moja kichwa kikiwa sawa, mara moja ameinama, mara moja ameinua. Anainama mwenyewe, polepole, mpaka pale anapoweza. Mpiga picha hamsukumi kichwa hata kidogo, na akisikia shoti anaacha papo hapo. Mama asirudishwe kupigwa tena za kuinama eti kwa uhakika. Jibu lipo na dalili za neva zipo. Kila kuinama kwa sasa ni kuubana ugwe bila faida.

MRI nayo ina upofu wake. Mgonjwa hulala chali, kichwa kimenyooka, kwa hiyo inaonyesha hali ikiwa nzuri kuliko alivyo akiwa kwenye mbuzi ya nazi. Kama hata akiwa amelala nyama imeugusa ugwe, basi akiinama unabanwa hasa. Ile alama nyeupe ndani ya ugwe ina maana kwamba tishu za neva zimeanza kuumia: inaweza kuwa uvimbe wa maji unaoondoka mbano ukiondolewa, au kovu lisiloondoka. Picha peke yake haitofautishi vizuri hayo mawili, na kadiri siku zinavyopita la kwanza hugeuka kuwa la pili.

Saratani? Kwa mtu mwenye miaka 17 ya baridi yabisi na pete inayoteleza, nyama laini nyuma ya jino karibu kila mara ni utando huo ulionenepa. Kitu ambacho sisi tungekiondoa shaka kabla ya saratani ni kifua kikuu cha pingili. Kipo katika nchi zetu, kinaweza kushika pingili hizihizi, na methotreksati pamoja na prednisoloni hupunguza kinga. Mwangalieni kama anatoka jasho jingi usiku, anapungua uzito, ana homa za jioni au anakohoa. Kwenye MRI, usaha unaojikusanya mbele ya pingili, nyuma ya koo, unaelekeza kwenye kifua kikuu au maambukizi mengine. Kama ripoti haijataja usaha na mama hana dalili hizo, laleni usingizi kwa upande huo, ila swali liulizwe.

Kuhusu vikombe na kuyumba. Hapa ndipo wagonjwa wa baridi yabisi wanapochelewa, kwa sababu kila dalili ya ugwe ina kisingizio chake tayari. Mikono dhaifu, vidole vimepinda. Anayumba, goti bovu. Lakini goti bovu linauma na kumfanya mtu achechemee upande mmoja. Halimfanyi atembee miguu imetanuka na mikakamavu, wala halimfanyi apoteze mizani akifumba macho kunawa uso. Vidole vilivyopinda kwa miaka havianzi ghafla kuponyokwa na vikombe ndani ya miezi michache. Daktari atagonga magoti na viwiko kwa nyundo ndogo: mishipa ikiruka kupita kiasi, na kidole gumba cha mguu kikipanda juu akikwaruzwa unyayo, tatizo liko kwenye ugwe, si kwenye kiungo. Shoti ya kuinama ina jina, alama ya Lhermitte, na maumivu ya kisogo yanatoka kwenye neva ya pili ya shingo inayopita palepale.

Kwa hayo yote, mama yuko katika kundi la wanaohitaji upasuaji wa shingo, na mapema. Anatembea bado, na hilo ni la thamani kubwa. Wanaofanyiwa wakiwa bado wanatembea hupata matokeo mazuri kuliko waliosubiri mpaka wakashindwa kusimama. Kubadilisha goti kwanza ni kumpa mguu mpya mtu ambaye waya za kuuendesha mguu huo zinakatika, na mazoezi ya baada ya goti yatamshinda. Isitoshe kuna dawa ya usingizi.

Mtu akilazwa usingizi kamili, anakunjwa na kuinuliwa kichwa ili mpira wa kupumulia uingizwe kooni, misuli ya shingo ikiwa imelegezwa na dawa. Ile misuli ndiyo inayomlinda mama sasa bila yeye kujua. Kwa wagonjwa kama yeye mpira huingizwa kichwa kikiwa kimetulizwa katikati, mara nyingi kwa kamera nyembamba inayopindika mgonjwa akiwa bado macho na koo limetiwa ganzi, au kwa kifaa chenye kamera kinachoonyesha koo kwenye skrini. Mwambieni mtaalamu wa usingizi pia kama mama hafungui mdomo vizuri au sauti imekwaruza, maana baridi yabisi hushika kiungo cha taya na hata vile vidogo vya kwenye koromeo. Sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kufaa kwa goti baadaye, lakini haiondoi haja ya mpango wa koo: sindano ikishindwa kufanya kazi katikati ya operesheni, mpira utahitajika kwa haraka. Andikeni kwenye karatasi, iwekwe ndani ya kava la simu ya mama: «Pingili za 1 na 2 za shingo hazijatulia, baridi yabisi. Asikunjwe shingo.» Ajali haiulizi historia.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hupitia nyuma ya shingo, mgonjwa akiwa amelazwa kifudifudi. Skrubu mbili zinaingizwa kwenye pete na mbili kwenye pingili ya pili, zinaunganishwa kwa vyuma, na vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka kwenye nyonga yake, vinapangwa hapo ili pingili mbili ziote kuwa moja. Kama jino limepanda kuelekea fuvuni, daktari anaweza kuunganisha mpaka kwenye kisogo. Kabla ya hapo atataka CT yenye kuonyesha mishipa ya damu, kwa kuwa mishipa miwili mikubwa inayopeleka damu nyuma ya ubongo inapita ndani ya pingili hizohizo, na kwa watu wengine inapita mahali ambapo skrubu ingepita. Ile nyama kwa kawaida haikatwi. Mtelezo ukiisha kati ya pete na jino, inanywea yenyewe kwa miezi. Hili huwashangaza wengi, lakini picha za baadaye zimelionyesha mara nyingi.

Atalipia nini? Kugeuza shingo kutapungua kwa karibu nusu. Atazoea kugeuka na mabega. Hatari zipo: mshipa wa damu kujeruhiwa, kidonda kuoza, mfupa kukataa kuota, hasa kwa aliyetumia prednisoloni miaka mingi ambaye mifupa yake huwa myepesi na skrubu hazishiki vizuri. Maumivu ya kisogo hupungua kwa wengi. Nguvu ya mikono inaweza kurudi yote, nusu, au isirudi. Lengo la kwanza ni kuzuia isipotee zaidi.

Kola haitoshi. Ile laini ya sponji haizuii chochote hapo juu, inamkumbusha tu asiiname. Ngumu yenye kushika kidevu inapunguza kuinama lakini haiifungi pete kwenye jino. Avae ngumu akisafiri na akiwa kwenye msukosuko mpaka aonwe, mkikagua ngozi ya kidevu na kisogo kila jioni kwa vidonda, na asiigeuze kuwa tiba.

Nyumbani, mpaka hapo: mto mmoja wa chini, si miwili, maana miwili inakunja shingo usiku kucha. Nazi akune mtu mwingine, mchele uchambuliwe ungo ukiwa mezani usawa wa kifua. Ndoo kichwani marufuku, hata ya lita tano. Aswali ameketi kwenye kiti na kuashiria kwa kuinamisha kiwiliwili kidogo, shingo ikiwa imenyooka. Mgonjwa ana ruhusa hiyo na mama bila shaka anaijua. Saluni asilaze kichwa nyuma kwenye beseni la kuoshea nywele. Bodaboda asipande. Basi la kwenda Dar es Salaam akae viti vya mbele au katikati, si vya nyuma juu ya magurudumu, na kiti kiwe na sehemu ya kuegemeza kichwa.

Dawa asiache. Methotreksati inabaki mara moja kwa wiki, na mtu mmoja nyumbani awe msimamizi wa hiyo Jumamosi, kwa sababu wanaoimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine huharibu uboho wa mifupa na wengine hufa. Prednisoloni haikatwi ghafla, hasa kuelekea operesheni, kwani mwili uliozoea kupewa hushindwa kutengeneza homoni yake ya aina hiyo wakati wa mshtuko. Mtaalamu wa usingizi ataamua kama aongezewe kwa sindano siku hiyo. Diklofenaki, zile dawa za maumivu za kununua dukani, aachane nazo: zikiunganishwa na prednisoloni hutoboa tumbo, na zikiunganishwa na methotreksati huelemea figo. Daktari wa baridi yabisi naye aulizwe kama miligramu 15 bado zinatosha, maana shingo iliyofika hapa ni dalili kwamba ugonjwa haujawahi kutulizwa vizuri.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, amevaa kola ngumu, mkiona lolote kati ya haya: miguu inakataa kumbeba, mkojo unaziba au unatoka bila habari, ganzi sehemu za siri, anaona vitu viwiliviwili, anapaliwa kila anapomeza, anapumua kwa shida, au ameanguka hata kama anasema hajaumia.

Kwa rufaa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam ina mabingwa wa mifupa na wa ubongo na mishipa ya fahamu mahali pamoja, na mama anawahitaji wote. Ombeni barua ya rufaa itaje maneno «dalili za ugwe wa mgongo», kwani barua inayosema «maumivu ya shingo» itawekwa kwenye foleni ya kawaida. Chukueni picha zenyewe kwenye CD, za eksirei na za MRI, zikiwemo zile za mwanzo zilizosomwa kuwa safi. Karatasi ya ripoti peke yake haimsaidii daktari wa upasuaji, atataka kupima milimita hizo kwa mkono wake.